Siku Tisini za Kufuta Uhaba

Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, Idara ya Mahitaji ya Umma ilitangaza kwa redio, kwa mabango na kwa gari la kipaza sauti kwamba uhaba utafutwa ndani ya siku tisini, bila kuathiri kazi za kawaida za ofisi. Gari lilipita mitaa yote isipokuwa miwili ya mwisho, kwa sababu mafuta yalikwisha.

Mimi nilikuwa ndani ya gari hilo. Nilikuwa na wiki tatu kazini. Cheti changu cha shahada ya uchumi kilikuwa bado hakijapata fremu, na cheo changu kilikuwa Afisa Msaidizi wa Mahitaji, Daraja la Pili, kwa Majaribio. Tulishuka tukalisukuma gari hadi ofisini huku dereva akiendelea kutangaza, maana betri ilikuwa nzima. Nilisukuma kwa moyo wote. Sijawahi kuwa karibu vile na historia.

Naeleza haya kwa sababu mtaani yamesemwa mengi kuhusu idara yetu, na mengi yamesemwa na watu wasio na takwimu.

Mpango ulianza kwenye kikao, na kwa haki niseme ulianza na mimi. Mkurugenzi wetu, ambaye watumishi walimwita Mikakati akishatoka chumbani, alinigeukia mbele ya wote.

"Binti, wewe ndiye umetoka kusoma juzijuzi. Uhaba ni nini?"

Nikasimama. "Mheshimiwa, mahitaji ya binadamu hayana mwisho. Vitu vya kuyatimiza vina mwisho. Pengo lililopo katikati ndilo uhaba."

"Kwa hiyo kuna pande mbili."

"Ndiyo, mheshimiwa. Mahitaji na vitu."

"Kuongeza vitu ni kazi?"

"Kubwa sana."

"Na kuyawekea mahitaji mwisho?"

Vitabu vyote nilivyosoma vilikuwa vimepita mbele ya swali hilo bila hata kupiga hodi. Wakuu wa vitengo wakatazamana. Mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakamfuata ili asibaki peke yake.

"Basi tuyawekee mwisho," akasema Mkurugenzi, na kikao kikaenda kunywa chai.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Fomu ya Hitaji. Kila kaya ingeruhusiwa hitaji moja kwa siku tisini. Nililipenda jambo lile, na sioni haya kusema hivyo. Zamani mwenye sauti kubwa alipata na mpole alikosa. Sasa wote wangeandikwa kwenye rejista moja, wa kwanza akawa wa kwanza, hata kama hana mjomba ofisini. Nilipewa kazi ya kuandika Kanuni, nikaziandika kwa siku kumi na moja, na kila nilipomaliza ukurasa nilijiona nimemlisha mtu.

Kanuni ya Tisa ilitoka kwa Mkurugenzi mwenyewe, neno kwa neno. Ilisema kwamba asiyejaza fomu, au aliyetamka kuwa hana hitaji, alicho nacho ni ziada. Na ziada itachukuliwa siku hiyohiyo na kupewa aliye wa kwanza kwenye rejista kwa kitu cha aina hiyo.

"Hatuwezi kuacha vitu vikae kwa watu wasiovihitaji," alisema. "Huo ni ubadhirifu."

Niliandika, kisha nikaongeza kwa hiari yangu maneno "bila kujali cheo." Niliona yanaipendezesha sentensi. Mkurugenzi alitia sahihi bila kuyaona, kwa kuwa yalikuwa ukurasa wa nne.

Nilikuwa nakaa kwa dada yangu. Shemeji alikuwa mbali kwenye kazi za barabara, na dada alikuwa na mimba ya miezi saba na nusu, miguu imemvimba kama mikate. Jioni nikamletea fomu yake.

"Moja?" akauliza.

"Moja, dada."

"Paa linavuja, mtoto hana godoro, mimi sina kiti cha kuegemeza mgongo huu. Nichague moja?"

"Ndiyo. Ukichagua kimoja unakiacha kingine, na hicho unachokiacha ndiyo gharama halisi ya ulichochagua. Tulilisoma somo hili mihula miwili."

"Mihula miwili!" Akacheka hadi akashika ubavu. "Mimi nililisoma asubuhi moja, siku mama aliponituma dukani na sarafu moja nilete chumvi na mafuta ya taa."

Akaitafuna kalamu kwa muda. Kisha akasema, "Andika maji."

"Ya hapa nyumbani?"

"Ya zahanati ya uzazi. Pampu yao imeungua. Jirani yetu hapo nyuma alijifungua wiki iliyopita, akaambiwa aje na madumu yake mwenyewe. Madumu yakaisha kabla mtoto hajatoka. Mtoto wakamfuta kwa kitambaa kikavu, na mama yake mpaka leo ana homa, hanyanyui hata kikombe. Mimi sitaki kwenda kuzaa kama mtu anayekwenda kulima."

"Dada, zahanati itaomba yenyewe. Wewe omba lako."

"Hili ndilo langu," akasema, akanirudishia kalamu.

Zahanati iliomba, kweli. Siku ya kwanza ya kupokea fomu, wa kwanza dirishani alikuwa mkunga mkuu, mama mfupi mwenye mikono iliyokauka kwa sabuni. Nilikaa dirishani na karani wetu, mama aliyekuwa amefanya kazi pale tangu idara ikiwa na jina lingine na mpango mwingine.

Nikamwandika mkunga namba moja. "Hitaji lako ni zuri sana," nikamwambia. "Lakini umeandika pampu ya maji, halafu umeandika glavu."

"Ndiyo."

"Zahanati inahesabiwa kaya moja. Ni kitu kimoja."

"Mwanangu, nizalishe kwa glavu bila maji, au kwa maji bila glavu?"

"Huo ndio uchaguzi wenyewe!" nikasema, na nakiri nilifurahi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuiona nadharia imesimama mbele yangu imevaa kandambili.

Mkunga akanitazama kwa upole uliokuwa na kipimo. "Umeshazaa?"

"Bado."

"Ukija kwangu nitakupa fomu."

Karani akaegemea mbele. "Msamehe, mama. Ni mtoto mzuri. Amesoma tu."

Mkunga akakata neno glavu kwa mstari mmoja, akachukua nakala yake iliyopigwa muhuri, akaomba na nakala ya Kanuni. Nilimpa kwa furaha. Alikuwa mtu wa kwanza kuziomba.

Maombi yalimiminika. Kila mwombaji tulimjibu kwa barua kwamba hitaji lake limepokelewa. Utekelezaji nao haukulala. Kinyozi wa mtaa wa nyuma hakujaza fomu kwa sababu wateja walikuwa wengi, na maafisa wetu walipomkagua walimkuta na viti viwili.

"Cha pili cha nini?" wakamuuliza.

"Cha anayesubiri."

"Anayesubiri ananyolewa?"

"Hapana, ndiyo maana anasubiri."

"Kwa hiyo hana analofanya linalohitaji kiti."

Kiti kikachukuliwa kwa Kanuni ya Tisa. Aliyekuwa wa kwanza kwenye rejista kwa upande wa viti alikuwa, kwa bahati, Mkurugenzi, ambaye hitaji lake lilikuwa limejitokeza jana yake. Kinyozi alikuja siku iliyofuata kujaza fomu ya kuomba kiti. Nilimwandika kwa heshima zote. Alitaka kujua kama atapata kilekile. Nikamweleza kwamba mfumo hautazami vitu kwa sura.

Siku ya thelathini na nane, tukiwa na maombi elfu nne mia moja na kumi na mawili, fomu ziliisha.

Nilipanda kwa Mkurugenzi. "Mheshimiwa, niagize zingine?"

"Ofisi ikitaka kitu inajaza nini?"

"Fomu ya Hitaji."

"Zipo?"

"Zimeisha, mheshimiwa."

"Basi haiwezekani," akasema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuyakubali maisha.

Mwisho wa wiki nilichora mchoro wa maombi mapya, kama nilivyofanya kila wiki. Mstari ulipanda vizuri, kisha ukaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Mkurugenzi aliutazama muda mrefu. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Binti. Hapa panasomeka nini?"

"Sifuri, mheshimiwa. Ni kwa sababu fomu—"

"Sifuri!" Akasimama. "Tuliahidi siku tisini. Tumetumia thelathini na nane!"

"Mheshimiwa, nje kuna foleni inafika kwa muuza magazeti."

"Wana fomu?"

"Hawana."

"Kwa mujibu wa Kanuni, asiye na fomu ana hitaji?"

Nilifikiri kwa haki kabisa. Kanuni nilikuwa nimeziandika mimi. "Hana, mheshimiwa."

"Basi hao ni watu waliosimama. Kusimama si kosa."

"Na wale waliokwisha kuomba?"

"Uliwajibu?"

"Wote."

"Sasa unataka nini zaidi, binti yangu? Una moyo mzuri lakini unapenda kurefusha mambo."

Nyumbani nilimkuta dada ameloweka miguu kwenye beseni. Redio ilikuwa imeshanitangulia.

"Nasikia mmeumaliza uhaba," akasema.

"Kwa upande wa takwimu, ndiyo."

"Na pampu?"

"Iko kwenye mchakato."

Akasema bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira, "Huyu wa humu ndani hajui mchakato, mdogo wangu. Ana wiki mbili. Jirani hapo nyuma bado hajainuka kitandani." Akaniomba nimpe taulo. Nikampa. Chakula changu kilikuwa kwenye sahani kimefunikwa, nikakiacha kimefunikwa.

Sherehe ilipangwa Jumanne ya wiki iliyofuata. Mbele ya lango la ofisi ikajengwa chemchemi ya kurusha maji, na kwa ajili yake ikanunuliwa pampu mpya, yenye nguvu, rangi ya buluu. Niliuliza imepatikanaje bila Fomu ya Hitaji. Nikaambiwa imetoka fungu la sherehe, ambalo si hitaji bali ni furaha. Pampu hiyohiyo iliunganishwa na tangi la juu, ili choo cha Mkurugenzi nacho kishiriki.

Maji yakaruka juu kuliko mlango. Watu waliosimama wakayatazama, wengine wakiwa na ndoo tupu mikononi. Mkurugenzi akasimama mbele ya vipaza sauti akasoma Tamko la Utoshelevu: "Idara hii, pamoja na uongozi wake wote, inatamka kwamba haina hitaji lolote, la leo wala la kesho." Akatia sahihi. Redio ilirusha moja kwa moja, hadi ile sauti ya kalamu. Ilifahamika kwamba barua ya pongezi ilikuwa njiani kutoka juu, na ndani yake cheo cha Kamishna wa Utoshelevu.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, mkunga alikuwa dirishani. Nyuma yake alisimama fundi bomba na sanduku la spana, na nyuma ya fundi, mkokoteni.

"Jana nimesikiliza redio," akasema. Akaweka juu ya meza fomu yake na nakala ya Kanuni, iliyokunjwa ukurasa wa nne. "Nisomee hii ya tisa. Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Macho yake yalikuwa yanaona vizuri kabisa. Nikasoma kwa sauti. Nilipofika kwenye "bila kujali cheo," sauti yangu ilipungua.

"Namba moja wa pampu ni nani?"

"Ni wewe."

"Na nani ametamka kuwa hana hitaji?"

Nchi nzima ilikuwa imesikia.

Karani akalisukuma kasha la muhuri hadi mbele yangu, polepole, kwa kidole kimoja. "Mimi nimetafuta kosa sijaliona," akasema. "Tafuta na wewe, mwanangu. Wewe ndiye msomi."

Nilitafuta. Nilikagua tarehe, namba, sahihi, kifungu. Nilikuwa bado niko kwenye majaribio, na barua ya kuthibitishwa kazini ilikuwa juu, kwenye meza ya mtu ambaye maji yake nilikuwa nakaribia kuyagawa. Nilimkumbuka dada na beseni lake. Nikagonga, na muhuri ulikaa upande. Lakini ulisomeka.

Fundi hakuchukua dakika kumi. Chemchemi ilikohoa mara mbili, ikajishusha, ikalala. Huko juu tukasikia mlango ukifunguliwa kwa nguvu, na Mkurugenzi akashuka ngazi na povu la sabuni kwenye sikio moja.

"Nani amekata maji?"

"Hayajakatwa, mheshimiwa," nikasema. "Yamepangiwa aliyeandikishwa."

"Rudisha pampu hiyo! Naihitaji!"

Watu waliosimama wakageuka wote kwa pamoja. Katikati yao alikuwapo mwandishi wa gazeti aliyekuja kuchukua picha za jana. Akatoa daftari.

"Samahani, mheshimiwa," akasema kwa adabu. "Umesema unaihitaji?"

Mkurugenzi aliiona kalamu. Akaiona pampu imeshawekwa kwenye mkokoteni. Ilikuwa wazi kwamba upande mmoja kuna maji, upande mwingine kuna cheo cha Kamishna, na kwamba hakuna upande wa tatu. Nimewaona wanafunzi wenzangu wakifanya mtihani wa somo hili; sijaona aliyeufanya kwa uchungu namna ile.

"Nilisema *niliihitaji*," akasema mwishowe. "Zamani. Kabla ya mafanikio. Chukueni."

"Asante, mkubwa," akasema mkunga. "Sikio lako lina povu."

Mkokoteni ulikuwa haujafika barabarani sauti ikatoka nyuma ya foleni, kwa waombaji wa zamani waliokuja baada ya kusikia redio. "Namba mbili ni mimi! Feni!"

"Namba tano, meza!"

"Kabati la mafaili, mimi hapa, na mafaili mbaki nayo!"

Kila mmoja alikuwa na karatasi yake, na kila karatasi ilikuwa na muhuri wetu. Niliita kwa kufuata rejista, bila kuruka mtu. Karani alisoma, mimi nikagonga. Kinyozi alipanda juu akashuka na kiti chake kichwani, na koti la Mkurugenzi akaliacha limekunjwa vizuri sakafuni, maana fomu yake haikutaja koti. Kufikia saa saba mchana ofisi ilikuwa na kuta, rejista na watumishi. Tuliendelea kutoa huduma tukiwa tumekaa chini. Barua ya pongezi ilipofika, Mkurugenzi akawa Kamishna kwa kutia sahihi juu ya mgongo wa tarishi.

Dada alishikwa na uchungu Alhamisi ya wiki iliyofuata, mchana. Nilimshika mkono kutoka nyumbani mpaka zahanati, na yeye alinishika shingo. Tulikwenda bila madumu. Mlangoni mkunga alikuwa ameinama kwenye karai la kunawia, maji yakimtiririka hadi kwenye viwiko, akisugua kucha moja moja kama mtu asiye na haraka yoyote duniani.

"Mlete," akasema, "na wewe kaa nje, msomi."

Nilikaa nje kwa saa tatu. Nilisikia bomba likifunguliwa na kufungwa, likifunguliwa na kufungwa. Kisha nikasikia sauti nyembamba yenye hasira nyingi. Waliponiita ndani, mtoto wa kike alikuwa ameogeshwa kwa maji ya uvuguvugu na alikuwa anaupinga uamuzi huo kwa nguvu zake zote. Dada alikuwa amejilaza, uso umeoshwa, nywele zimelowa, anacheka na kulia. Nami nililia, kwa sababu zisizo za kitakwimu.

"Unalia nini, mdogo wangu?" akasema. "Njoo umshike. Hana homa, hana fomu."

Nilipotoka kibarazani kupata hewa, niliona foleni kwenye bomba la nje la zahanati. Mkunga alikuwa ameweka utaratibu wake, nao ulikuwa na sharti moja tu: maji ya bomba lile ni ya anayetarajia kujifungua. Akina mama walikaa kwenye benchi na matumbo yao, wakisogea mmoja mmoja.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Kamishna wa Utoshelevu. Alivaa suti. Alishika madumu mawili. Ofisi yake ilikuwa na siku nane bila tone la maji, na alikuwa ameshatangaza kwa nchi nzima kwamba hana anachohitaji, kwa hiyo hapakuwa na dirisha lolote ambalo angeweza kwenda kuomba.

Mama aliyekuwa mbele yake akageuka. Alimtazama kuanzia viatu hadi tai, akajisogeza ili kumwachia nafasi kwenye benchi.

"Kaa, baba, usijichoshe," akamwambia. "Wewe unatarajia lini?"

Kamishna aliangalia huku na huku kama yupo mwandishi. Hakuwapo.

"Tarehe bado iko kwenye kamati," akasema, akaketi, akayaweka madumu yake magotini.